Je, Wajua? Homa za Mnyama na Mtu, Kutoka Newala Hadi Palma

Je, wajua kwamba daktari wa Brazili, wa India na wa Italia, wote watatu, wana neno moja la Kimakonde wanalolitumia kazini?

Neno hilo ni chikungunya. Limetoka katika kitenzi kungunyala, yaani kukauka, kujikunja, kupinda. Hakulibuni mtaalamu wa maabara. Walilisema wagonjwa wenyewe, katika uwanda wa juu wa Newala, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, mwaka 1952 ulipozuka ugonjwa uliowaangusha watu kijiji baada ya kijiji. Homa ilipanda ghafla. Viungo viliuma kiasi kwamba mtu mzima alishindwa kujigeuza kitandani.

Ukimtazama aliyeugua, unaelewa kwa nini hawakutafuta jina jingine. Anataka kushika mpini wa jembe na vidole havifungi. Anainuka kwa kushika ukuta. Vifundo vya miguu vimevimba, magoti yamekaza, anatembea ameinama kama mtu aliyedondosha kitu mchangani na anakitafuta. Homa huisha baada ya siku chache, lakini maumivu ya viungo huweza kukaa miezi, na kwa wengine miaka. Kwa mkulima wa muhogo au mvuvi anayevuta kamba ya jarife, miezi hiyo ni njaa.

Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa wa Newala, W. H. R. Lumsden akauchunguza mlipuko wenyewe, na maandiko yao yakachapishwa mwaka 1955. R. W. Ross alikipata kirusi katika damu iliyochukuliwa huko mwaka 1953. Ng'ambo ya mto Ruvuma kuna uwanda mwingine wa Wamakonde, ule wa Mueda, na ukishuka kutoka hapo kuelekea jua linakochomoza unafika Mocímboa da Praia na Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Watu wa kingo zote mbili ni ndugu, wanaoana, wanazikana, na mbu wa huku hajui kwamba kule ni Msumbiji.

Watu wengi hudhani chikungunya ni ugonjwa wa mjini, wa mapipa ya maji na matairi. Asili yake ni msituni. Katika misitu ya Afrika kirusi hiki huzunguka kati ya tumbili, nyani na mbu wanaoishi mitini, na mtu huingia katika mzunguko huo anapokwenda kukata kuni au kufungua shamba jipya. Kikishafika kijijini hakimhitaji tena tumbili. Mbu wa nyumbani, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana, anatosha.

Mwaka 2004 kilizuka Lamu. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba takriban watu 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Jambo la kushangaza ni kwamba mlipuko ule haukuletwa na mvua. Uliletwa na ukame. Maji yalipokuwa adimu watu waliyahifadhi ndani, katika mitungi na mapipa, na mbu wakapata mazalio yasiyokauka. Kutoka Kenya ugonjwa ulikwenda Komoro mwaka 2005, kisha kisiwa cha Réunion, ambako waliugua watu wapatao 266,000, karibu theluthi moja ya wakazi. Mwaka 2006 ulikuwa India, mwaka 2007 Italia, mwishoni mwa 2013 visiwa vya Karibiani.

Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mnamo Novemba 2023. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: tangu Newala ni miaka 71. Ugonjwa ulikuwa ule ule, na jina lilikuwa lile lile.

*

Si jina hilo peke yake. Je, wajua kwamba hata neno dengue, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ni Kiswahili?

James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, aliushuhudia mlipuko wa homa ya viungo mwaka 1870. Wazee walimwambia homa kama hiyo walikwisha kuiona mwaka 1823, na jina lake wanalo: kidingapepo, mkakamao wa ghafla unaoletwa na pepo. Inasadikiwa kwamba jina hilo lilivuka bahari pamoja na watu waliosafirishwa kwa nguvu, likafika visiwa vya Karibiani, na wasemaji wa Kihispania wakalikata na kulifanya dengue. Sisi wenyewe leo tunasema kidingapopo. Wachunguzi wa baadaye walipozisoma upya dalili alizoziandika Christie, viungo vilivyokataa kukunjuka kwa wiki nyingi, waliona kwamba homa ya 1870 inafanana zaidi na chikungunya. Kwa hiyo huenda dengue ni jina la chikungunya lililopewa ugonjwa mwingine.

Kidingapopo halisi nacho hakikuikosa pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Kilithibitishwa katika mji wa Pemba, makao makuu ya Cabo Delgado, miaka ya 1984 na 1985. Baada ya hapo ukimya wa karibu miaka 30, hadi mwaka 2014 kilipothibitishwa tena Pemba na Nampula. Nani atasema kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeugua? Mtu akiwa na homa katika zahanati ya pwani hupimwa malaria, na akikutwa hana malaria mara nyingi hupewa dawa ya malaria.

*

Je, wajua namna magonjwa yanavyopangiwa foleni?

Zaidi ya nusu ya vimelea vyote vinavyojulikana kumwambukiza binadamu vinaweza pia kukaa kwa wanyama. Hakuna wizara yenye fedha za kuvishughulikia vyote, kwa hiyo lazima kuchagua. Mwaka 2005, huko Geneva, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitaja magonjwa saba ya mnyama na mtu waliyoyaita yaliyopuuzwa: kimeta, kifua kikuu cha ng'ombe, brusela, tegu wa nguruwe, tegu wa mbwa, kichaa cha mbwa na malale. Baadaye ikaja njia ya kufanya uchaguzi huo nchi kwa nchi. Madaktari wa watu, madaktari wa mifugo na watu wa wanyamapori na mazingira hukalishwa chumba kimoja. Huchagua vigezo, kwa kawaida vitano, vya namna hii: ugonjwa unaua kiasi gani, unaenea kwa kasi gani, unakula uchumi kiasi gani, tuna zana za kuuzuia au hatuna. Kila kigezo hupewa uzito, kila ugonjwa hupewa alama, na orodha hupangwa kuanzia juu.

Kenya walifanya hivyo mwaka 2015. Waliingia na magonjwa 36, wakatoka na matano ya mwanzo: kimeta, malale, kichaa cha mbwa, brusela na homa ya Bonde la Ufa. Tanzania nao walifanya, na Msumbiji pia, na kichaa cha mbwa kimo katika orodha za nchi zote tatu.

Naiheshimu kazi hiyo. Kumkalisha daktari wa ng'ombe meza moja na daktari wa watu, kila mmoja na kura sawa, ni jambo lililochelewa sana kufika kwetu. Lakini nina neno moja, na ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Alama hutolewa kwa takwimu. Takwimu hutoka katika daftari la zahanati. Na zahanati nyingi za Palma, Mocímboa da Praia na Macomia zilichomwa, zikaporwa au kufungwa katika vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Ugonjwa wa mahali pasipo daftari huingia chumbani ukiwa na sifuri, na sifuri ile husomwa kama afya njema.

*

Sikiliza hesabu hii ya kichaa cha mbwa, maana siijui nyingine inayoonyesha jambo hilo waziwazi zaidi.

Takwimu rasmi za Tanzania zilikuwa zikionyesha wastani wa watu wapatao 11 wanaokufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka. Watafiti hawakuziamini. Badala ya kuhesabu vifo, walihesabu watu walioumwa na mbwa, wakachunguza ni mbwa wangapi walikuwa na dalili za kichaa, jeraha lilikuwa sehemu gani ya mwili, na nani alipata chanjo. Makadirio yao, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalifikia vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Zaidi ya mara mia moja! Watu hawa hawakufichwa na yeyote. Walifia nyumbani, baada ya familia kuambiwa hakuna dawa, au baada ya kupelekwa kwa mganga wakidhaniwa wamepandwa na shetani. Mtu aliyefia nyumbani hana mstari katika daftari.

Duniani kote kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, na 4 katika kila 10 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Kinachouma zaidi ni kwamba huu ni ugonjwa ambao chanjo yake ipo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister jijini Paris.

Kirusi hakikimbilii kwenye damu. Kinaingia katika mshipa wa fahamu ulio karibu na jeraha, kisha kinapanda polepole kuelekea ubongoni, kazi inayochukua kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu. Muda huo ndio nafasi ya mgonjwa. Kikishafika ubongoni na dalili kuanza, koo kukaza mtu akiona maji, hakuna tena la kufanya isipokuwa kumtuliza maumivu.

Kwa hiyo, mtoto ameumwa kwenye shavu la mguu, nyumba iko mbali na hospitali, fanya hivi. Chukua kipande cha sabuni ya mche, ile ile ya kufulia. Mimina maji kwa kata juu ya jeraha, paka sabuni, mimina tena, paka tena. Usikamue, usifunge kitambaa, usibandike majani wala grisi wala pilipili. Endelea kwa dakika 15 ukitazama saa, hata mtoto akilia. Kirusi cha kichaa kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huupasua utando huo kama inavyoyaondoa mafuta kwenye sufuria. Najua ninachokiomba. Dakika 15 za maji yanayotiririka ni ndoo kadhaa, na kuna vijiji vya pwani hiyo ambako ndoo moja ni safari ya kichwani. Hata hivyo jeraha lioshwe, kisha safari ya kutafuta chanjo ianze siku hiyo hiyo.

Waislamu wa pwani wanalo tangu zamani jambo la kuosha. Chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ni sheria ya twahara na inafuatwa. Lakini jeraha si chombo, na udongo usiingie ndani yake. Kwa jeraha ni sabuni na maji mengi. Na kwa kuwa nyumba nyingi za pwani hazifugi mbwa ndani ya ua, mbwa wengi hutembea mitaani bila mtu wa kuwashika kamba siku ya chanjo. Mbwa waliochanjwa wasipofika 70 katika kila 100, kichaa hakikatiki. Ni hesabu inayotaka mwenye mbwa, au walau kijana jasiri mwenye kamba na kipande cha dagaa.

*

Je, wajua kuna Pemba mbili katika habari hii?

Moja ni kisiwa, jirani ya Unguja. Nyingine ni mji wa Cabo Delgado uliokuwa ukiitwa Porto Amélia kabla ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975. Pemba ya kisiwani iliingizwa katika mpango mkubwa wa kuchanja mbwa ulioanza mwaka 2010, ukihusisha wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, zikiwemo za Lindi na Mtwara. Kisiwani kichaa kilikoma. Mwaka 2016 kikarudi, kwa mbwa walioingia kutoka nje, maana bahari si ukuta na mashua hubeba kila kitu. Wakachanja tena, wakafuatilia kila aliyeumwa nyumba kwa nyumba, na mwaka 2018 kikakoma mara ya pili.

Upande wa bara mpango ule ulifika ukingoni mwa Ruvuma, ukaishia hapo. Ng'ambo ilikuwa nchi nyingine, wizara nyingine, bajeti nyingine. Na Machi 24, 2021, Palma iliposhambuliwa, maelfu walikimbia kwa miguu kupitia misitu ya mikoko, wengine kwa mashua hadi Pemba ya Msumbiji, wengine wakiuelekea mto. Anayekimbia usiku na watoto wawili habebi mbwa. Mbwa walibaki katika mji mtupu, wakizaana bila chanjo, hadi wenyeji walipoanza kurudi kidogo kidogo. Sijaona orodha ya vipaumbele yenye kigezo cha namna hiyo.

*

Sasa mbung'o, au ndorobo kama wengine wanavyomwita.

Je, wajua kwamba nzi huyu ananyonyesha? Hatagi mayai. Jike hubeba funza mmoja tumboni, humlisha kwa maziwa yanayotoka katika tezi maalumu, na humzaa akiwa mkubwa karibu kama yeye. Funza hujichimbia udongoni palepale. Kwa sababu hiyo jike huzaa watoto wachache mno maishani mwake, na ndiyo siri ya namna anavyoweza kushindwa.

Unguja walimshinda. Tangu 1994 hadi 1997, madume zaidi ya milioni 8 waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi waliachiwa kutoka angani. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akimpata dume tasa, basi. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mnamo Septemba 1996.

Upande wa bara, kando ya Ruvuma, bado yupo, na historia ya eneo hilo imeshonwa kwa uzi wake. Ukiuliza kwa nini kuanzia Palma hadi Mueda utaona mbuzi na kuku, na ng'ombe wachache mno, jibu kubwa ni yeye na vimelea vya nagana, ugonjwa wa mifugo, anavyowadunga. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huko, Wareno wakaitwaa tena Kionga kutoka kwa Wajerumani mwezi Aprili 1916, na Novemba 1917 jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, farasi, nyumbu na maksai walikufa kwa maelfu. Mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Wapagazi waliochukuliwa na Waingereza peke yao, waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa. Kambi zao ndizo zilizoacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam. Kila anayepanda daladala ya Kariakoo anataja, bila kujua, kazi ambayo wanyama wasingeweza kuifanya katika nchi ya mbung'o.

Mdudu huyo huyo humpa mtu malale. Aina ya mashariki mwa Afrika hufichwa na wanyama, nao hawaonyeshi kuugua. Mwaka 1958 nchini Kenya watafiti walichukua damu ya pongo wakamdunga mtu aliyejitolea, naye akaugua. Ndivyo ilivyothibitika kwamba mnyamapori ni ghala la ugonjwa. Malale ya aina hii huenda mbio, huweza kuua ndani ya miezi. Kwa miongo mingi, yakishafika ubongoni, dawa ilikuwa yenye asili ya aseniki, sumu iliyowaua wagonjwa wapatao 5 katika kila 100 waliopewa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda. Vidonge vya siku kumi, vinavyomezwa na chakula. Kwa muuguzi aliyewahi kuichoma ile dawa ya zamani, akimtazama mgonjwa usoni, hiyo ni faraja isiyo na kifani.

*

Je, wajua kuna homa iitwayo shamba?

Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kutokwa damu puani, wakiwa na homa, maumivu ya kichwa na uchovu. Hofu ilikuwa kubwa, maana damu puani huwakumbusha watu Ebola na Marburg. Vipimo vikakataa yote mawili. Waliougua walikuwa 20, waliofariki 3, na waziri wa afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akautangaza ugonjwa kuwa leptospira, kwa jina la homa ya Mgunda. Mgunda ni shamba. Bakteria wake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, hukaa kwenye maji na tope, na huingia mwilini kupitia ngozi iliyochubuka au kulainika kwa kulowa. Alimaye mpunga pekupeku amesimama ndani yake.

Leptospira haikuwa ngeni Tanzania. Watafiti wa Morogoro walikwisha kuikuta kwa panya na kwa mifugo. Ugeni ulikuwa wa kuitwa jina mbele ya taifa. Mvua za Ruangwa ndizo zinazonyesha Palma na Nangade, na panya ni wale wale. Kambi za waliokimbia vita, ambako magunia ya mahindi na mitaro ya maji vinakaa hatua chache kutoka mahali watoto wanapolala, ni makao ambayo panya mwenyewe asingeyapanga vizuri zaidi.

*

Jambo jingine nililiweka pembeni kwa sababu najua linagusa, nikaona heri niliseme.

Wakazi wa pwani ya Palma ni Waislamu kwa wingi, na nguruwe haingii jikoni. Uwandani Mueda, kwa Wamakonde walio Wakristo, nguruwe hufugwa. Ukimwambia mtu wa pwani habari za tegu wa nguruwe atakwambia: hayo si ya kwetu. Anayekula nyama yenye tegu bila kuiva hupata mnyoo wa tumboni, mrefu wa mita kadhaa, usiouma sana. Hiyo ni nusu ya habari. Mnyoo huo hutoa mayai kwenye choo cha mtu. Mayai yakifika kwenye maji, kwenye mboga, kwenye vidole vya mpishi asiyenawa, anayeyameza, awe amekula nguruwe au hajamgusa maishani, anaweza kuota vifuko vya tegu ndani ya ubongo. Vifuko hivyo huleta degedege. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa New York waliwakuta navyo Wayahudi washika dini ambao hawajaonja nguruwe kamwe. Inaaminika waliambukizwa na wasaidizi wa nyumbani waliokuwa na mnyoo tumboni.

Katika nchi zenye ugonjwa huu, karibu visa 3 vya kifafa katika kila 10 vinatokana na tegu. Fikiria sasa watu wa uwandani na wa pwani waliokimbia vita wakakutana kambini, wakichangia kisima na vyoo vichache. Fikiria binti anayeanguka kifafa, nyumbani kwao wakipunga pepo mwaka baada ya mwaka, na hakuna mashine ya kupiga picha ya kichwa wanayoweza kuifikia. Nguruwe hutibiwa kwa dozi moja ya oksifendazoli, mtu kwa kidonge cha prazikwanteli, na choo kikijengwa mzunguko unakatika. Lakini anayeanguka kifafa mara nyingi huandikwa, kama anaandikwa popote, katika daftari la magonjwa ya akili.

*

Je, wajua, tena, kwamba chanjo ya mbwa si dhaifu kwa joto kama tulivyoambiwa?

Kikwazo kinachotajwa kila mara Palma inapozungumzwa ni ubaridi: hakuna umeme wa uhakika, hakuna friji, chanjo itaharibika njiani. Watafiti wanaofanya kazi Tanzania walilipima jambo hilo. Mwaka 2016 walichapisha matokeo: aina moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa inayotumika sana, ikikaa miezi 6 katika nyuzijoto 25, au miezi 3 katika nyuzijoto 30, bado inamkinga mbwa sawasawa na ile iliyotoka kwenye friji. Kisha wakatafuta chombo cha kuiwekea huko vijijini, wakajaribu vyombo vya kupozea vinavyotengenezwa na mafundi wa huko huko, vikiwemo vyungu vya udongo, vinavyopoa kwa maji yanayokauka taratibu mwilini mwavyo, sawasawa na mtungi wa maji wa bibi yako unaokaa kona ya baraza.

Kutoka Mtwara hadi kivuko cha Kilambo ni safari ya asubuhi. Mto unavukwa kwa kivuko au kwa mtumbwi, na ng'ambo ni barabara ya mchanga hadi Kionga, kisha Palma. Chungu cha namna hiyo, kikishikwa magotini na mtu mmoja aliyekaa katikati ya mtumbwi, kingefika Palma siku hiyo hiyo na chanjo ndani yake ikiwa nzima.